Sura ya Saba: Lilirudi Vipi?

Dereva wa guta la umeme akifika kwa fundi kulalamika kwamba chombo kinamzimia njiani, huwa na hadithi ndefu ya namna kilivyozima. Alikuwa anapanda, amebeba magunia ya mahindi, nyuma yake kifodi kinapiga honi, mara dashibodi ikafifia na guta likakata moto katikati ya barabara. Hadithi hiyo isikilizwe hadi mwisho. Ni adabu, na mara nyingi ndani yake mna jambo la kushika. Lakini swali lenye faida kubwa zaidi ni lile ambalo dereva hakujiandaa nalo: lilirudi vipi? Liliwaka papo hapo ulipoachia akselereta? Ulingoja dakika mbili tatu? Ulikaa kivulini nusu saa? Ilibidi uzime ufunguo na kuwasha upya? Au ulipiga boksi la betri ngumi moja likashtuka?

Kuzima kunafanana. Mota ikikosa umeme inasimama, iwe sababu ni betri iliyochoka, nati iliyolegea au swichi ya breki iliyoingia maji. Kurudi ndiko kunakotofautiana, kwa sababu kila ubovu una muda wake wa kupona.

Nitatumia mfano wa Terrat, na nianze kwa kusema ni Terrat ipi. Sizungumzii ile ya Simanjiro, mkoani Manyara. Hii ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa kusini, jirani na Muriet, ambako mashamba ya mahindi na maharage yanaachia nafasi nyumba mpya mwaka hadi mwaka. Arusha imelala kwenye miteremko ya Mlima Meru. Katikati ya mji ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ardhi inaendelea kushuka kuelekea kusini. Kwa mwenye guta maana yake ni moja: anapopeleka mzigo soko la Kilombero anapanda, na anaporudi mtupu anashuka. Safari nzito ndiyo ya mlima, tena ni ya alfajiri, na alfajiri ya Julai kule ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Kiangazi kuna vumbi laini linaloingia hata kwenye boksi lililofungwa. Masika kuna tope. Ukitaka mahali pa kuujaribu uunganishaji wa waya, hutahangaika kutafuta.

Hesabu kidogo itatusaidia mbele. Chukua guta lenye betri tano za volti 12 zilizofungwa mfululizo, jumla volti 60, kila moja ya ampea-saa 32. Guta, dereva na mzigo vifike kilo 700. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mota inavuta takriban ampea 10. Likianza kupanda mwinuko wa mita tano kwa kila mita mia moja, kwa mwendo uleule, linavuta ampea 40 hivi. Kila mita 100 za kimo anazopanda dereva huyu zinakula karibu sehemu moja ya kumi ya akiba ya betri zake, hata kabla hujahesabu msuguano wa matairi na joto linalopotea kwenye mota. Kwa hiyo guta linalokwenda vizuri kuzunguka uwanja wa gereji halijathibitisha lolote. Limepimwa kwa ampea 10, na ugonjwa wake uko kwenye 40.

Vyombo hivi viliingia ukanda wetu kwa haraka kuliko ujuzi wa kuvitengeneza. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme na kubadilishana betri mwaka 2019. Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari lake dogo la umeme Dar es Salaam. Arusha yenyewe ina magari ya kitalii yaliyotolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota. Fundi wa petroli hulisikiliza gari, hunusa moshi, hutazama rangi ya plagi. Mbele ya mota ya umeme masikio hayo hayamsaidii sana. Anayekosa kipimo hubaki na njia moja: abadilishe kifaa kimoja baada ya kingine mpaka tatizo liondoke au fedha ya mteja iishe. Kwa kawaida huanza na betri, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote.

Turudi kwenye swali letu. Guta likirudi papo hapo, kabla hata dereva hajashuka, na hasa kama lilizima kwenye shimo au tuta, fikiria kwanza muungano: nati ya betri, plagi iliyolegea, swichi ya ufunguo, waya uliokatika ndani ya ganda lake. Shimo lilitenganisha, mtikisiko uliofuata ukaunganisha.

Likirudi baada ya dakika chache likiwa na nguvu kidogo, likapanda mita mia kisha likazima tena, na kila mara mapumziko yanazaa safari fupi kuliko iliyotangulia, hapo betri ina haki ya kushukiwa. Betri ya risasi iliyochoka hushuka volti inapovutwa kwa nguvu, ikiachwa hupanda tena polepole. Kontrola, yaani kifaa kinachopimia mota umeme wake, kwenye vyombo vingi vya volti 60 imepangwa kukata umeme volti zikifika 52.5, yaani 10.5 kwa kila betri, ili betri zisiuawe kabisa. Sasa angalia. Betri nne zikiwa na volti 11.7 kila moja chini ya mzigo, hazina ubaya. Ya tano ikiwa imeshuka hadi 5.6, jumla ni 52.4, na kontrola inakata. Betri moja imezisimamisha nne nzima. Likishapumzika, pima kila moja na zote zitakuonyesha 12 na ushee, pamoja na hiyo mgonjwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuuziwa betri tano wakati alihitaji moja. (Haki ya muuzaji nayo niiseme: kuweka betri moja mpya kati ya nne kuukuu sana si dawa ya kudumu, kwa sababu zile kuukuu zitaiburuta. Lakini mteja aambiwe hivyo, achague mwenyewe.)

Likikataa kabisa kwa robo saa au zaidi, kisha likaamka kana kwamba halijawahi kuumwa, tafuta joto. Kontrola ina kinga inayokata inapochemka, na kuna vifaa vinavyofanya kazi baridi na kugoma moto, kama zile sensa ndogo za Hall, zinazohisi sumaku, zilizofukiwa ndani ya mota. Na kama halirudi mpaka uzime ufunguo na kuwasha upya, au mpaka uchomeke chaja, huku betri ikiwa ya lithiamu, basi yaelekea saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile iitwayo BMS, ndiyo iliyofunga mlango. Nyingi zikishakata kwa ampea kuzidi au kwa sababu seli moja imeshuka mno, hazifungui mpaka zipewe ishara.

Mgawanyo huu si sheria ya Wamedi na Waajemi. Muungano mbovu una tabia ya kujifanya betri, na huo ndio ujanja unaowala watu fedha kuliko mwingine wote. Nitaueleza kwa kirefu.

Nati ikilegea kidogo, au waya ukiwa umeshikwa na nyuzi chache tu, umeme haukatiki. Unapita kwa shida. Tuseme ukinzani wa mahali hapo umefika omu 0.1, kiasi ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukisoma kwa uhakika. Kwenye tambarare, ampea 10 zinapopita, volti moja inapotelea hapo na joto linalozaliwa ni wati 10. Hakuna anayegundua. Kwenye mwinuko, ampea zikiwa 40, volti nne zinapotea, na joto halizidi mara nne bali mara kumi na sita: wati 160, kwenye kipande cha chuma kisichozidi ncha ya kidole. Plastiki ya jirani inaanza kugeuka rangi. Shaba inapata utando mweusi, utando unaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Ubovu huu unajilea wenyewe.

Kontrola haijui volti zimepotelea wapi. Inachokiona ni kile kinachofika mlangoni kwake. Betri zinatoa 56, zinafika 52, yenyewe inahukumu kwamba betri zimekwisha na inakata. Alama ya betri kwenye dashibodi inaanguka hadi nyekundu, dereva anaiona kwa macho yake, anakwenda kwa fundi na ushahidi: betri imekufa, nimeiona ikifa.

Mazungumzo niliyoyasikia kwenye gereji moja ya Muriet, kati ya kijana mwenye guta na fundi mzee, yalikuwa hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete maneno."

"Betri zimekufa. Nimeshaambiwa ninunue nyingine."

"Nani kasema?"

"Mafundi wawili."

"Na wewe unasemaje?"

Kijana akafikiri. "Mimi naona ajabu moja. Nikiachia akselereta, alama ya betri inarudi kijani yote. Pale pale."

Mzee alitoa multimita mfukoni, akaondoka kwenye benchi. Kwake kazi ilikuwa imeshakaribia nusu. Betri iliyochoka hairuki kutoka nyekundu hadi kijani kamili kwa mpigo. Hupanda hatua moja, kisha hujikokota. Kinachoruka ni volti zilizokuwa zinapotea kwenye muungano: ampea zikiwa sifuri, hasara nayo ni sifuri.

Hakufungua chochote kwanza. Alipima betri zikiwa zimetulia: namba nzuri. Akapima upande wa pili wa breka, ile swichi ya kujikata inayokaa kati ya betri na kontrola: namba ileile. Mtu mwingine angeishia hapo na kusema breka ni nzima. Multimita inapopima volti haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba unatosha kuipa namba nzuri. Mzee akafunga nyaya mbili ndefu, moja kila upande wa breka, akazipitisha hadi kwenye kiti, akaunganisha multimita na kuibana kwenye usukani kwa tepu nyeusi ya umeme. Juu yake akaifunga simu ya kijana, kamera ikiwa inarekodi video. Wakapakia mifuko ya saruji iliyokuwa pale, kijana akapanda nalo mlima.

Njia hii naisifu kwa kila fundi ninayekutana naye. Ubovu wa kuja na kuondoka hauwezi kukamatwa na mtu aliyepiga magoti gereji. Unakamatwa na kipimo kilichokuwa safarini wakati unatokea. Multimita ya bei ndogo na simu aliyonayo kila dereva vinafanya kazi ya mashine ya gharama kubwa, na sauti ya video inakuambia shimo lilipigwa sekunde gani.

Video ilionyesha multimita ikicheza kwenye sifuri na ushee barabara ilipokuwa sawa, kisha 2, kisha 4, kisha 5.3, ndipo guta likazima na namba ikaanguka hadi sifuri. Hiyo 5.3 ni volti zilizokuwa zikibaki ndani ya breka na skrubu zake peke yake. Muungano mzima, kwa ampea kama hizo, haupaswi kubakiza hata nusu volti. Mzuri hubakiza sehemu ndogo tu ya hiyo. Breka ilipofunguliwa, skrubu ya chini ilizunguka kwa vidole bila bisibisi. Waya ulikuwa umeingizwa bila lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, nyuzi zake karibu nusu zimekatika na kujikunja nje, zilizobaki nyeusi kama utambi. Plastiki ya breka ilikuwa ya kahawia upande mmoja na ilinuka ile harufu ya samaki aliyeungua, ambayo ukishaikuta mara moja huisahau. Betri zote tano zilipopimwa baadaye chini ya mzigo zilikuwa hai.

Breka yenyewe ilikuwa na kosa la pili, nalo nimelikuta kwenye vyombo vingi. Ilikuwa ya nyumbani, ya kuzuia umeme wa ukutani. Umeme wa TANESCO ni wa kubadilika mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Cheche inayoruka breka inapofunguka inazimika yenyewe kwenye moja ya hizo sifuri. Umeme wa betri hauna sifuri. Cheche ikishaanza ina sababu zote za kuendelea, na breka isiyotengenezwa kwa umeme wa betri inaweza kuungua badala ya kukata. Nunua iliyoandikwa DC, yenye volti zinazozidi zile za betri zako zikiwa zimejaa chaji. Kwa guta la volti 60 za risasi, betri zikiwa kwenye chaja zinapita 70.

Sasa fikiria wale mafundi wawili wangesikilizwa. Kijana angenunua betri tano. Ili kuziingiza, fundi angefungua nyaya zote, angezikwaruza, angezikaza upya, pengine na breka angeisukasuka. Guta lingepanda mlima bila tatizo. Kila mtu angeamini betri ndizo zilizokuwa mbovu, fundi angesifiwa, na baada ya wiki kadhaa za mashimo skrubu ingelegea tena. Ubovu wa muungano huponywa kwa muda na mkono wowote unaougusa, kwa hiyo kifaa chochote kilichobadilishwa siku hiyo hupewa sifa isiyo yake. Ukisikia mtu anasema "nilibadilisha kontrola ikakaa mwezi, kisha ikarudia", usiilaani kontrola ya pili. Uliza ni nyaya gani zilishikwa siku ya kubadilisha.

Hili si tatizo la gereji zetu peke yake. Februari 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuita magari yake yarudi, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, hatimaye takriban milioni 2.6, kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Springi ndani ya swichi ilikuwa dhaifu. Funguo nyingi zilizoning'inia, au goti la dereva, au mtikisiko wa barabara, vilitosha kuuzungusha ufunguo kutoka kwenye kuwaka. Injini ilizima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kuokoa maisha haikufunguka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Gari lililopona na kurudi gereji lilikuwa zima: ukigeuza ufunguo linawaka. Mwaka 2006 swichi iliboreshwa kimyakimya, lakini ikaachiwa namba ileile ya kifaa, hivyo aliyelinganisha magari ya zamani na mapya kwa karatasi hakuona tofauti. Aliyeiona ni mtaalamu aliyenunua swichi mpya dukani, akaifungua, akailaza kando ya ile ya zamani. Angalia basi ufunguo wa guta lako. Kama umeufungia funguo za nyumba, za stoo na za kufuli la mnyororo, zitoe leo. Na ukisukasuka ufunguo guta likiwa limesimama na dashibodi ikapepesa, umeshampata mmojawapo wa washukiwa.

Dashibodi ni shahidi mzuri kuliko madereva wanavyodhani. Ikizimika yote pamoja na taa, umeme umekatika kabla ya kufika kontrola: betri, BMS, fyuzi, breka, ufunguo. Ikibaki inawaka lakini mota haijibu, njia kuu ni salama, na unatafuta kwenye nyaya nyembamba za amri.

Katika hizo, ya kwanza kutazamwa ni swichi ya breki, kwa sababu kuitazama ni bure. Kwenye vyombo vingi ukikamata breki, swichi ndogo inaiambia kontrola ikate mota. Swichi ikinasa kwa vumbi au ikiingia maji, kontrola inaamini umekamata breki muda wote. Mwombe mtu asimame nyuma ya guta likigoma: taa ya breki ikiwa inawaka na mkono wako hauko kwenye breki, jibu unalo. Tatizo hili hupenda siku moja baada ya kuosha chombo kwa mashine ya presha. Maji ya presha hufika mahali ambapo mvua ya masika yenyewe haifiki. Tumia ndoo na kitambaa.

Akselereta ni ya pili. Ndani yake mna sumaku na sensa ya Hall inayopewa volti 5. Ukiwa umeachia inarudisha pungufu kidogo ya volti 1, ukivuta yote inarudisha zaidi ya 4, na katikati lazima ipande taratibu bila kuruka. Ikiruka, au volti 5 zenyewe zikipotea unapokata kona, tazama mahali nyaya zinapojikunja kwenye shingo ya usukani. Hapo waya hukatika ndani huku ganda likibaki zima. Ukiuvuta polepole kwa vidole, sehemu iliyokatika hurefuka kama mpira.

Sensa za mota ziko tatu. Zikizungushiwa gurudumu kwa mkono, kila moja inabadilishana kati ya 0 na 5, na kwenye mota nyingi zote tatu haziwi sawa kwa wakati mmoja. Moja ikifa, mota inatetemeka, inalia na haina nguvu ya kuanza. Zipime mara baada ya kupanda mlima, mota ikiwa bado ya moto. Zikipimwa asubuhi zote zitasema ni nzima.

Kuhusu kukaza miungano yenyewe, machache. Vichwa vya betri za risasi ni laini na hubonyea chini ya bolti pole kwa pole, kwa hiyo iliyokazwa vizuri Januari huwa imelegea Aprili bila mtu kuigusa. Ikazwe upya kila baada ya muda, hasa chombo kikiwa kipya. Waya ulioungua ukatwe hadi shaba inayong'aa ionekane, hata kama utabaki mfupi ikabidi kununua mwingine. Lagi ibanwe kwa koleo lake, si kwa nyundo. Risasi ya kulehemu haifai kwenye waya utakaokazwa na skrubu, maana inabonyea na kuachia. Na ukinunua waya mnene wa bei ya kuvutia, ukwaruze kwa wembe kwanza. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi na hukatika mapema kwa mtikisiko.

Usalama hauna mjadala. Vua pete na saa. Funga tepu kwenye mpini wa spana, kwa sababu spana ikiangukia vichwa viwili vya betri inajichomelea hapo hapo na kuwa nyekundu. Kontrola hubaki na umeme kwenye kapasita zake hata betri ikitolewa, kwa hiyo isubiri na uipime kabla ya kushika. Gurudumu la mota liwe juu ya jeki kabla hujajaribu kitu gereji, kwani chombo cha umeme hakiungurumi kukuonya kwamba kiko tayari kuondoka. Betri ya lithiamu ambayo BMS yake inakata mara kwa mara usiifungue na wala usiiruke BMS kwa waya ili upande mlima. Irudishe kwa aliyekuuzia. Iliyovimba itoke ndani ya nyumba usiku huohuo.

Na kabla hujatoa fedha ya betri mpya, mwambie fundi akuonyeshe volti za kila betri peke yake, guta likiwa na mzigo na linapanda. Akikuonyesha namba, mwamini, nunua. Akikujibu kwamba hizi anazijua kwa macho, mshukuru, mwachie hela ya soda, ulipeleke guta kwa mwingine.